Mtoto wa Kulala kwa Bibi

Nyumbani kwetu, Singida mjini, kulala ilikuwa kazi, na kazi hiyo nilijipa mwenyewe. Baba alifunga mlango wa mbele, mama alifunga wa uani, na wote wawili walikuwa watu wazima wanaojua kufunga mlango. Lakini mimi sikuweza kupanda kitandani kabla sijaenda kulivuta kufuli la uani kwa mkono wangu, halafu komeo la mbele, halafu nirudi uani tena, kwa sababu nikiwa kule mbele nilianza kuingiwa na shaka kwamba kufuli sikulivuta, nilifikiria tu kulivuta. Nilikuwa darasa la nne. Wenzangu wa umri ule waliogopa fisi na majini. Mimi niliogopa kukosea.

Baada ya milango kilifuata chandarua. Chumba cha watoto kilikuwa na kitanda kimoja, nilicholalia na mdogo wangu wa kike, na godoro la chini alilolalia kaka yetu. Chandarua kilitakiwa kiingie chini ya godoro pande zote, pembe zikunjwe zisivimbe. Mdogo wangu alilala kama mtu anayepigana. Mguu wake ukitoka nje niliwasha taa na kuanza upya pande zote, si upande ule tu uliotoka, maana niliamini kwamba ukivuta huku, kule panalegea.

Kisha dua. Ukoo wa baba ni watu waliopanda huku kutoka pwani wakifuata biashara, na baba alitufundisha kufungua viganja kabla ya kulala, kusoma zile sura fupi za mwisho, kupuliza viganjani na kujipangusa kuanzia kichwani. Mdogo wangu akiwa na usingizi alimeza maneno. Nilimrudisha mwanzo. Akianza kulia nilimrudisha hivyo hivyo akilia, kwa sababu nilijua dua iliyokatika haimlindi mtu, na usiku likimpata jambo mwenye kosa ni mimi, niliyesikia ikikatika nikanyamaza. Kaka alijifunika shuka mpaka usoni na kusema, "Shehe, tunaomba tulale, kesho kuna shule."

Nyumba haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini ya mabati, kwa hiyo kila neno letu lilipita juu ya ukuta likaingia chumbani kwa baba na mama, alikokuwa pia mtoto wao mchanga. Na upepo wa Singida wote tunaujua. Bati likigonga nilikuwa nashuka kitandani kwenda kusikiliza kama ni bati au ni mtu. Mtoto mchanga akiamka kwa vishindo vyangu, mama aliniomba kwa sauti ya chini nizime taa. Nilizima. Nilisubiri nisikie pumzi yake imebadilika, nikawasha.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa minada. Alipakia vitenge na mashuka kwenye kirikuu, kigari chake kidogo cha mizigo, na kuondoka kabla hakujapambazuka, leo Sepuka, kesho Nduguti, kutegemea siku ya mnada. Siku ambazo hakusafiri tulikunywa naye chai, na hapo alikuwa akinitania. "Mlinzi wetu hajambo? Usiku kulikuwa salama?" Nami nilimjibu kwa kirefu: bati la upande wa choo limelegea, kuna paka alipita, komeo la mbele linahitaji mafuta. Baba alicheka. Kaka alicheka. Mama alikuwa akimimina chai, macho yake mekundu, na sikujiuliza kwa nini mekundu. Nilidhani nasifiwa.

Likizo ya Desemba tulikwenda Ulemo, kwa bibi mzaa mama. Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama alibadili dini alipoolewa. Bibi yeye ni Mkristo mpaka leo, na jambo hilo halikuwahi kuleta maneno kwetu, labda kwa sababu bibi si mtu wa maneno mengi.

Kulala kwa bibi kulikuwa na utaratibu wake, nao haukunihitaji. Magodoro yaliunganishwa chini, sisi watoto tukapangwa kwa mstari kama mihogo inayoanikwa, vichwa ukutani. Kabla ya hapo kila mtu alinawa miguu kwa maji ya moto kwenye beseni moja, kuanzia mdogo kupanda juu. Yalipofika kwangu, maji yalikuwa yameshakuwa uji wa udongo mwekundu. Sikuelewa miguu inatakata vipi kwa maji ya namna ile. Niliomba mengine. Bibi alinitazama kwa muda, akaniuliza, "Mke mwenzangu, kwani kuni unachanja wewe?" Bibi wa kwetu humwita mjukuu wa kike hivyo kwa utani, kwamba wote ni wake wa babu. Kaka alicheka mpaka akaanguka kwenye godoro.

Na mlango. Mlango wa bibi haukuwa na kufuli wala komeo. Ulizuiwa kwa gogo lililoegemezwa kutoka sakafuni. Likizo nzima nililala nimelikazia macho gogo lile gizani, na nilipochoka kulitazama nilikwenda kulisukuma. Likianguka lilitoa kishindo, na watu waliamka. Lilianguka zaidi ya mara moja.

Siku moja kabla hatujaondoka mama alinikalisha kwenye jiwe nyuma ya nyumba, akawa ananifumua nywele. Alizungumza taratibu, na vidole vyake havikuacha kazi. Alisema bibi analala peke yake tangu babu afariki. Mguu unamsumbua usiku, akiita hakuna wa kumsikia. Anahitaji mjukuu wa kulala naye.

"Ndugu zako wakilala hawaamki hata nyumba ikianguka," alisema. "Wewe ndiye unayesikia."

Sikuwahi kuambiwa neno zuri kama lile. Nilikaa juu ya jiwe shingo imenyooka, na nikiwa mkweli, nilimwonea huruma mdogo wangu ambaye hakuchaguliwa. Nikauliza ni mpaka lini. Mama akasema mpaka bibi apate nafuu.

Mgeni wa mikoa yetu anaweza kushangaa mtoto anaachwa hivyo. Kwetu haikuwa habari. Mwanamke akifiwa na mume, watoto wake humpelekea mjukuu, akae naye, achote maji, na zaidi ya yote, alale naye ili nyumba isiwe na mtu mmoja. Ulemo palikuwa na watoto wa namna hiyo wengi, na darasani nilikaa na baadhi yao. Ukisema, "Mimi nalala kwa bibi," hakuna anayeuliza swali la pili. Uhamisho wa shule ulifanyika, na hata mwalimu hakuuliza. Nimelifikiria sana jambo hili: kama mama angenipeleka mahali pengine popote, kwa shangazi, kwa rafiki, mtu angeuliza mtoto amefanya nini. Aliponipeleka kwa bibi, hakuulizwa.

Waliondoka na kirikuu ya baba, ndugu zangu wamekaa nyuma juu ya magunia ya alizeti. Mdogo wangu aliuliza kwa sauti ni nani sasa atamsomesha dua. Kaka akamjibu, "Hakuna. Leo tunalala." Wote walicheka. Na mimi pia nilicheka, nikiwa nimesimama kando ya bibi, nimeshaanza kazi.

Usiku ule nilisogeza godoro langu mpaka likagusa kitanda cha kamba cha bibi. Nilikaa macho nikisubiri kuitwa. Bibi alipiga magoti, akasali kwa Kinyiramba, sala ndefu, kisha akapanda kitandani na kulala kabla makaa hayajazima jikoni. Alikoroma. Alipogeuka niliuliza, "Bibi, umeita?" Alipokohoa niliuliza, "Bibi, umeita?" Usiku wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Mguu wake ulikuwa ukimuuma, ndiyo, lakini ulimuuma mchana akitoka shambani, na akilala unalala naye. Mwishowe alichoka, akaniambia nikiitwa nitasikia jina langu, na kwamba mtu anayetazamwa halali vizuri.

Sikuacha. Niliwaza kwamba usiku mmoja nitakaosinzia ndio atakaoita. Mambo yote mabaya kichwani mwangu yalikuwa na tabia hiyo, yanasubiri nigeuke.

Kilichonishinda ni mvua. Zilipokaza tulikuwa tunatoka shuleni tunaingia shambani, na jioni mwili wangu ulikuwa umekwisha. Beseni la miguu sasa lilikuwa la watu wawili, na kwa kuwa mdogo ndiye anayeanza, maji safi yalikuwa yangu. Nilinawa, nikapanda, kwa sababu bibi alikuwa amechoka kuruka godoro langu asubuhi, akaniambia nipande tulale pamoja. Alisali kwa Kinyiramba, nami nikasoma sura zangu chini kwa chini. Hakuniambia niache, wala mimi sikumwambia. Aliwataja watu wake wote mmoja mmoja, walio hai na waliokufa, majina yakawa yanakuja kwa sauti ile ile, na siku moja sikufika mwisho wa majina.

Niliamka jogoo wameshawika na nafasi ya bibi kitandani ni tupu. Nilitoka mbio nikijua amekufa kwa sababu mimi nililala. Alikuwa jikoni anapuliza moto. Alinitazama miguu pekupeku, akasema, "Mke mwenzangu, leo umekoroma kuliko marehemu." Nililia pale mlangoni mpaka akaacha moto, na hakujua nalilia nini.

Baada ya hapo nililala. Nataka niseme hili bila kulipamba: nililala. Alizeti zilipovunwa nilikuwa nalala kama mtoto yeyote wa Ulemo, mlango umeegemezwa gogo, na ilifika mahali gogo lenyewe nilikuwa naliegemeza mimi kwa mguu huku nikipiga miayo. Sikujua kama ninapona. Nilijua tu kwamba zamu yangu nimeiacha, na bibi hajafa.

Likizo ya mwezi wa sita walikuja. Nilikuwa nimeisubiri kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri hata leo. Tulipangwa kwa mstari ukutani, na usiku ule sikuamka kabisa. Asubuhi nilimsikia mama akimwambia bibi kwa furaha, mbele yangu, kana kwamba nimejifunza kusoma, "Siku hizi analala." Bibi akajibu kwamba analala sana. Nilijua basi, safari hii narudi. Siku ya kuondoka nguo zangu zote zilikuwa safi, zimekunjwa. Nilikwenda kukaa karibu na gari. Mama alipoona nimekaa pale alinishika bega, akaniuliza bibi atalala na nani. Lilikuwa swali lenye haki. Niliinuka.

Desemba hivyo hivyo. Mwezi wa sita mwingine hivyo hivyo. Nilikuwa mtoto mwenye akili ya kutafuta kosa langu, nikalitafuta. Nikaona labda bibi hajapata nafuu kwa sababu simhudumii sawasawa, nikawa namkanda mguu jioni kwa maji ya chumvi, bibi akishangaa lakini akiutoa mguu.

Sikukuu ya Idi moja walinichukua kwenda mjini kwa siku chache. Nilipoingia chumba cha watoto nikitaka kuweka mfuko wangu, niliona upande wangu wa kitanda umelaliwa na yule aliyekuwa mchanga. Sasa alikuwa mtoto wa kutembea na kusema. Aliniuliza mimi ni mgeni wa nani. Mama alinitandikia sebuleni, kwenye godoro la wageni, kwa shuka la maua ambalo sisi watoto tulikuwa hatuligusi. Jioni nilisimama nikaenda kwenye mlango wa uani kwa mazoea, nikamkuta kaka ameshafunga. Nilichungulia chumbani. Mdogo wangu alikuwa amelala, mguu nje ya chandarua mpaka gotini. Sikusikia kama alisoma dua. Nyumba ilikuwa kimya, kimya kizuri, watu wanapumua. Yote niliyokuwa nikiyazuia kila usiku hayakutokea nilipoondoka. Hakuna mwizi aliyeingia na hakuna aliyeugua. Nilikuwa na umri wa kutosha kulielewa hilo na umri mdogo mno wa kulibeba.

Asubuhi mama aliniuliza kama nimelala vizuri. Wenyewe kwa wenyewe nyumbani kwetu hatuulizani hivyo. Huulizwa mgeni.

Nilimaliza shule ya msingi Ulemo, nikaingia sekondari ya kata, nikamaliza kidato cha nne na matokeo yasiyonipeleka popote. Silaumu shule. Nilikuwa mtu wa kufuta. Katika mtihani niliandika jibu, nikalifuta, nikaliandika lile lile, mpaka muda ukaisha na maswali yamebaki. Nilichojua baada ya hapo nimejifundisha: kushona nilijifunza kwenye simu, kwenye video za watu nisiowajua, kwa cherehani ya kuazima, nikifumua usiku nilichoshona mchana. Kuandika pia nimejifundisha, na aya hii nimeiandika upya mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Leo nashona mashuka na foronya za kuuza. Pembe zangu zinakaa sawa. Wateja hulisifu jambo hilo.

Nilipoanza kupata oda kutoka mjini nilitaka kuhamia huko, nipange chumba. Jambo moja lilinizuia, na mchana mmoja, tukipeta mtama mimi na bibi uani, nikalisema.

"Bibi, nikiondoka utalala na nani?"

"Kulala na nani vipi?"

"Si ndiyo maana niliachwa hapa. Usiku ukiita, awepo wa kukusikia."

Alicheka, akaendelea kupeta. "Mke mwenzangu, mimi nimelala peke yangu tangu mume wetu yuko hai. Yule mzee alikuwa na mateke. Nilimtengea kitanda chake. Mimi niliomba mtu lini?"

Aliponitazama usoni aliacha kucheka, akaweka ungo chini.

"Wewe uliambiwa nini?" aliuliza.

Nilimweleza habari ya jiwe, na mguu, na anayesikia. Aliokota punje zilizomwagika.

"Mama yako alikuja kunililia hapa hapa," alisema. "Akasema, mama, mtoto huyu hatuachi tulale. Baba yake amesinzia na gari njia ya Sepuka, alibakiza kidogo tu aue watu. Nikamwambia mwache, atatulia, mvua zikiisha uje umchukue."

"Na mvua zilipoisha?"

"Kila likizo nilikufulia nguo zako zote, nikakukunjia. Ulidhani ni za nini?"

Nilidhani ni kwa ajili ya wageni, wanikute safi.

Bibi hakuniomba msamaha, na hakuwa na la kuombea msamaha. Aliniambia niende mjini, na kwamba akinihitaji atapiga simu, kwa kuwa sasa simu ipo. Alisema pia nisimchukie mwanawe. Nikamwambia simchukii. Sijui kama nilisema kweli.

Nilihamia mjini. Chumba changu hakiko mbali na nyumbani kwetu, na kwa muda mrefu nilikwenda kuwaamkia, nikala, nikacheka nao, bila kuuliza. Si kwamba niliogopa. Nilikuwa natengeneza swali. Nikikanyaga cherehani nililirudia kichwani, nikaliondolea lawama, nikalirudishia, nikaliziba huku na huku ili mama asipate pa kutokea. Nalijua hilo si jambo zuri kumfanyia mzazi. Nalifanya hata kwa wateja.

Idi iliyopita nililiuliza. Baba alikuwa ametoka na wenzake baada ya swala ya isha. Mdogo wangu, ambaye sasa yuko chuo na alikuwa amekuja sikukuu, alikuwa chumbani na simu yake. Mama alikuwa sebuleni ananitandikia lile godoro la wageni, kwa shuka nililomshonea mimi.

"Mama," nilisema, "bibi hakuomba mtu wa kulala naye."

Hakujifanya haelewi. Alikaa ukingoni mwa godoro. "Amekwambia."

"Ameniambia."

Alianza kueleza, na alieleza vizuri, kama mtu ambaye naye alikuwa ametengeneza jibu lake kwa miaka. Mtoto mchanga, mimi, taa, mlango. Baba akirudi kutoka minadani macho yamevimba. Yeye mwenyewe aliwahi kusinzia amesimama, chai inachemka, na moto ukashika upande wa khanga. Aliona siku moja tutakuja kuamka nyumba imeungua au baba hakurudi. Na angemwambiaje mtoto wa darasa la nne kwamba anaondolewa ili wenzake walale? Akanipa sababu ya kunifurahisha. Alisema hata sasa hajui angefanya nini kingine.

Niliyakubali yote hayo. Nataka ieleweke. Ningekuwa mimi ndiye yeye, na mtoto kama mimi, labda ningefanya hivyo hivyo.

"Hilo nimelielewa, mama," nilisema. "Nilipelekwa kama mgonjwa. Lakini mgonjwa akipona anarudishwa nyumbani. Mimi nilipona mwaka ule ule. Uliniona kwa macho yako, ukasema siku hizi analala. Kwa nini hamkunichukua?"

Alilainisha shuka kwa kiganja, pale ambapo halikuwa na mkunjo. Nilisubiri aseme shule. Nilisubiri aseme hali ya biashara, au chumba kilikuwa kidogo. Jibu lolote kati ya hayo ningelipokea, nilikuwa nimeshaliandalia nafasi.

"Tulikuwa tumeshazoea," alisema.

Kisha akaongeza, "Nyumba ilikuwa imetulia. Kila tukija nasema safari hii tunarudi naye. Nikifika nakukuta umelala vizuri, nasema tusikuharibie."

"Msiniharibie mimi."

"Ndiyo."

"Au msijiharibie ninyi."

Chumbani mdogo wangu alicheka na mtu kwenye simu, na nyumba ile sasa ina dari, kwa hiyo sauti ilikuja imefifia.

Nimelipima neno lile sana tangu siku ile. Ningeweza kumsamehe mtu aliyechoka. Aliyechoka anajua anachokifanya, na akipumzika anakikumbuka. Hawa walipumzika. Walipumzika, wakaniona nimepona, wakafurahi, wakapanda gari. Hakuna aliyenichukia. Afadhali angekuwepo wa kunichukia, ningejua nikasirikie wapi. Walizoea tu, kama mtu anavyozoea kitanda kupanuka mmoja akihama, ananyoosha mkono, na mkono unabaki pale.

Nilimwambia mama nashukuru kwa chakula, na kwamba sitalala. Aliniambia kumeshakuwa usiku, na godoro limeshatandikwa. Nikamwambia nina kazi ya watu asubuhi, jambo ambalo halikuwa kweli, ilikuwa Idi. Alinisindikiza mpaka barabarani akiwa amejifunika khanga kichwani kwa ajili ya upepo, akamwambia kijana wa bodaboda aendeshe taratibu. Aliniita mwanangu. Nilimwambia, "Usiku mwema, mama," nikapanda.

Nilitaka nisilale usiku ule. Nilitaka nikae macho kwa hasira mpaka asubuhi, ili angalau jambo moja liwe na uzito unaostahili. Nilifunga mlango, nikalala, na sikuota kitu.

Asubuhi mama alipiga simu. Aliuliza kama nimeamka salama, nikasema salama. Akauliza kama nimelala.

"Nimelala," nilisema.

"Mimi sijapata hata lepe la usingizi," alisema.

Nikafurahi. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa namna nyingine, ya binti mwema zaidi, na kila ninayoiandika si ya kweli. Nilimwambia pole, mama, nikamuuliza kama baba amerudi salama, tukaagana kwa heshima. Nikakaa kitandani na simu mkononi, nikiwa nimefurahi.